Bidhaa Inaingia, Mwenye Bidhaa Anabaki Mlangoni

Wapo watu miongoni mwetu, tena wenye elimu ya kutosha, wanaodhani kwamba biashara baina ya mataifa ni habari ya mali peke yake: nani anauza nini, kwa bei gani, na meli gani imebeba. Wakishayajua hayo huona wameyajua yote. Husahau kwamba nyuma ya kila gunia la kahawa na kila robota la nguo yupo mtu, na kwamba mtu huyo hana budi kusafiri, kuonana na wanunuzi, kufungua ofisi, kusimamia ghala na kudai fedha zake. Gunia lina njia yake ya kuingilia katika nchi za watu. Je, mwenye gunia anayo?

Swali hilo si la wafanyabiashara peke yao. Linawahusu watumishi wa serikali, kwa kuwa ndio wanaokaa mezani mikataba inapojadiliwa. Linawahusu walimu, kwa kuwa ndio wanaowafundisha vijana maana ya neno biashara. Na mahali pazuri pa kulipimia ni Marekani, nchi ambayo kwa miaka mingi imejinadi mbele ya dunia kuwa mlezi wa biashara huria.

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina viza iitwayo E-1, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita viza ya mfanyabiashara wa mkataba. Asili yake ni sheria ya mwaka 1924, ile ile iliyowafungia mlango wahamiaji wengi kwa kuwagawia mafungu kwa kufuata nchi walizotoka. Hata katika sheria kali namna hiyo uliachwa upenyo kwa mgeni anayeingia kufanya biashara kwa mujibu wa mkataba wa biashara uliokwisha kufungwa baina ya nchi yake na Marekani. Sheria ya mwaka 1952 iliuhifadhi upenyo huo na kuongeza viza ya pili, E-2, kwa ajili ya mwekezaji. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo likaongeza maneno ya kuthibitisha kwamba biashara ya huduma na ya teknolojia nayo ni biashara.

Thamani ya viza hii si ndogo. Mwenye nayo hukubaliwa kukaa hadi miaka 2, na muda huo waweza kuongezwa tena na tena, mradi biashara yake ingali hai na mwenyewe ana nia ya kuondoka hadhi hiyo itakapokoma. Mke au mume wake huruhusiwa kufanya kazi. Linganisha na viza ya kawaida ya ziara ya kibiashara, ambayo humruhusu mtu kuhudhuria mkutano, kupatana bei, kutia sahihi, kisha arudi kwao. Mwenye viza ya ziara ni mgeni wa kunywa chai. Mwenye E-1 ana meza yake, simu yake na ufunguo wa ghala.

Sasa ni shughuli zipi zinazostahili? Mtu asikiapo neno biashara huona machoni pake shehena, kreni na makuli. Kanuni za Marekani zinaona mbali kuliko hapo. Bidhaa zimo, yaani vitu vinavyoshikika vyenye thamani yake. Lakini pamoja nazo zimetajwa huduma, shughuli za benki za kimataifa, bima, uchukuzi, mawasiliano, uchambuzi wa takwimu kwa mashine, matangazo ya biashara, uhasibu, usanifu na uhandisi, ushauri wa uongozi, utalii, teknolojia na uhamishaji wake, na hata baadhi ya kazi za kukusanya habari. Tena imeelezwa kwamba orodha hiyo haikufungwa, na shughuli nyingine zaweza kukubaliwa.

Isitoshe, kanuni hizo hazitaji kiwango cha chini cha fedha. Zinataka biashara iwe kubwa kwa maana ya mfululizo: mabadilishano mengi yanayoendelea, wala si pigo moja la bahati hata likiwa la mamilioni. Mfanyabiashara mdogo ambaye pato lake latosha kumtunza yeye na jamaa yake huhesabiwa kuwa ana hoja njema. Kwa maneno mengine, mtu mwenye duka la vinyago anayepeleka mizigo midogo kila mwezi aweza kusimama mbele ya ofisa wa ubalozi akiwa na hoja nzito kuliko tajiri aliyeuza shehena moja kisha akakaa.

Masharti mengine nayo yanaeleweka. Lazima pawe na mabadilishano ya kweli, kitu kwa malipo, na umiliki wa kitu hicho uhame kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa njia inayoweza kufuatiliwa. Mabadilishano yavuke mpaka, kwa kuwa kuuza ndani ya Marekani kitu kilichonunuliwa humo humo si biashara ya namna inayotakiwa. Biashara iwe tayari imeanza, au iwepo mikataba inayowafunga wahusika kuianza mara moja, maana ndoto haipewi viza. Zaidi ya nusu ya biashara ya nje ya kampuni iwe baina ya Marekani na nchi ya mkataba. Angalau nusu ya umiliki iwe mikononi mwa raia wa nchi hiyo. Na mtumishi anayepelekwa na kampuni awe raia wa nchi hiyo hiyo, tena awe kiongozi, au mtu mwenye ujuzi ambao kampuni haiwezi kwenda bila huo.

Msomaji aliyefika hapa aweza kusema: mbona hayo ni mapana na ya haki? Kampuni ya utalii ya Arusha inayowauzia Wamarekani safari za Serengeti imo, kwa kuwa utalii umetajwa. Wahasibu wa Nairobi wanaoandika vitabu vya kampuni za Boston wamo. Chama cha ushirika kinachopeleka kahawa yake chenyewe kimo. Naam, wangekuwamo wote, lau lisingekuwapo neno moja dogo ambalo limekaa mbele ya yote hayo. Neno hilo ni mkataba.

Kenya haimo katika orodha ya nchi za mkataba. Uganda haimo. Tanzania haimo. Raia wa nchi hizi aweza kutimiza kila sharti la biashara lililotajwa hapo juu, aweza kuwa na vitabu safi na wateja 100, na bado jibu likawa hapana. Hataulizwa kahawa yake ni tani ngapi. Ataulizwa pasipoti yake ni ya wapi. Ndipo tunapoona kwamba upana wa orodha ya shughuli ni upana wa ukumbi ambao mlango wake ni mwembamba. Wanaokwisha kuingia wanapewa nafasi ya kujinyoosha, na walio nje wanaambiwa watazame dirishani.

Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba mkataba ni jambo la kupatana, na kila nchi ilipata nafasi yake. Historia inawakanusha. Viza ya Mwingereza inasimama juu ya mkataba uliofungwa mwaka 1815, na maneno ya mkataba huo yaliihusu milki ya Mfalme wa Uingereza iliyomo Ulaya. Uingereza ilipokuja kuitawala Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, ilichukua kodi zetu, pamba yetu na vijana wetu wa kwenda vitani, lakini haki ile ya kibiashara haikuvuka bahari kutufikia. Tulikuwa watu wa Mfalme wakati wa kutoa, na si watu wa Mfalme wakati wa kupokea. Bendera ilipoteremshwa hatukuwa na cha kurithi katika jambo hili. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Lakini sisi tulikuwapo, ila tulihesabiwa pamoja na mali.

Mfano wa Zanzibar unauma zaidi. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Maskati na Zanzibar pamoja. Raia wa Marekani walipewa ruhusa ya kuingia katika bandari zote za Sultani, kuuza na kununua bila bei kupangwa na maofisa wake, kulipa ushuru usiozidi asilimia 5 ya mali waliyoiteremsha, na kushuka na kukaa bandarini kwa ajili ya biashara. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mwenyeji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, aliwasili Unguja. Meli za Salem zikawa zikiondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, na kuleta nguo ya pamba ambayo babu zetu waliipa jina la wenye kuileta: merikani. Jina hilo lingali katika kamusi zetu. Mwaka 1840 meli ya Sultani mwenyewe, Sultana, chini ya Ahmad bin Naaman, ilitia nanga New York na shehena yake.

Basi nini kilifuata? Milki ile iligawanywa mwaka 1861, Maskati huku na Zanzibar kule. Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Oman iliendelea kuzungumza na Marekani kwa jina lake yenyewe, na mwaka 1958 zikafunga mkataba mpya huko Salala, ulioanza kufanya kazi mwaka 1960. Kwa hiyo leo raia wa Oman aweza kuomba viza ya E-1. Wapo Maskati watu ambao Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwao, ambao wazee wao waliishi Unguja na Pemba. Mmoja wao akiuza karafuu Marekani, mlango una komeo linalofunguka. Binamu yake aliyebaki Unguja, karafuu ni ile ile na babu ni yule yule, huambiwa hana mkataba. Marekani ilipata haki ya kuingia, kukaa na kufanya biashara Zanzibar zaidi ya miaka 190 iliyopita. Mzanzibari wa leo angali anasubiri malipo ya wema huo.

Tazama tena Kongo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha, lakini kwa viza ya E-2 peke yake, ile ya mwekezaji, tangu mwaka 1989. Jirani yake, Kongo ya Brazzaville, ni vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mtu wa Bukavu au Lubumbashi mwenye mtaji aweza kuomba kuupeleka Marekani na kuuzamisha katika biashara ya huko, ajiri Wamarekani na kulipa kodi huko. Lakini akitaka kukaa Marekani ili asimamie uuzaji wa mali iliyotoka kwao, viza ya kazi hiyo haimhusu. Fedha yako ihamie kwetu, karibu. Biashara yako ikae kwako na inufaishe kwako, subiri kwanza. Sijui kama kuna mwalimu wa uchumi anayeweza kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa kuwaeleza wanafunzi wake njia ambazo mitaji huhama kutoka nchi maskini kwenda nchi tajiri.

Hata hivyo isisemwe kwamba Mwafrika hakuweza kupata mkataba kwa namna yoyote. Liberia inao tangu mwaka 1939 na Ethiopia tangu mwaka 1953. Zaidi ya hizo, Togo, nchi ndogo iliyopata uhuru mwaka 1960, ilikaa mezani na Marekani, na mkataba wake ukaanza kufanya kazi mwaka 1967. Raia wa nchi hizo 3 wamo katika orodha ya E-1. Togo haikuwa na jeshi la kuitisha Marekani wala mafuta ya kuitongoza. Ilikuwa na watu waliojua kuomba nini. Sisi katika miaka ile ile na iliyofuata tulitia sahihi makubaliano mengi, tukapokea misaada mingi na kupiga picha nyingi. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000 ilipofungua mlango wa ushuru kwa bidhaa za Afrika, tulishangilia. Mwaka 2008 Jumuiya ya Afrika Mashariki na Marekani zilitia sahihi makubaliano ya mfumo wa biashara na uwekezaji. Katika yote hayo kilichosemewa ni shati, chai na njugu. Mshonaji, mchuma chai na muuza njugu hawakupewa nafasi ya kusimama Marekani kama wafanyabiashara.

Hapa hatuna budi kujisema wenyewe pia, maana lawama inayotazama nje peke yake ni nusu ya ukweli. Tuseme kesho asubuhi mkataba umefungwa. Ni nani kati yetu atakayeingia? Kanuni inasema kampuni ni ya taifa la wenye hisa, si la ardhi ambayo kiwanda kimejengwa. Viwanda vingi vya nguo vya Kenya vilivyouza Marekani chini ya AGOA vilikuwa na mitaji ya wageni. Kwa kipimo hicho cha nusu ya umiliki, kiwanda kilichojengwa Athi River, chenye mafundi Wakenya na umeme wa Kenya, chaweza kisiwe cha Kenya hata kidogo. Kanuni inasema tena kwamba umiliki wa mali uhame baina ya nchi mbili zenye mkataba, na ufuatilike. Mkulima wa Kilimanjaro ambaye kahawa yake hununuliwa mnadani Moshi na kampuni ya kusafirisha, kisha ikauzwa kwa kampuni nyingine huko Ulaya, ndipo ikafika Marekani, amefanya kazi yote ya shamba, lakini si yeye mfanyabiashara wa Marekani. Jina lake liliondoka kwenye gunia zamani.

Kwa hiyo makomeo ni mawili. La kwanza ni la mkataba, na ufunguo wake uko serikalini. La pili ni la kumiliki biashara yenyewe mpaka kwa mnunuzi wa mwisho, na ufunguo wake uko kwa wananchi, vyama vyao vya ushirika na kampuni zao. Anayefungua moja na kuliacha la pili hajafungua mlango.

Atasimama mtu aseme: kila nchi ina haki ya kuchagua wageni wake, na sisi wenyewe tunao ukali wetu. Ni kweli. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa amri iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, na majirani walinung'unika. Lakini linganisha namna. Amri ile ilitaja shughuli, na mgeni yeyote, wa taifa lolote, aliweza kuisoma na kujua ni kazi gani zimekatazwa. Mmarekani anayetaka kuja kuwekeza au kufanya biashara Tanzania huomba kibali cha ukaazi cha Daraja A, na Kenya huomba kile cha Daraja G. Ataulizwa mtaji, leseni na mpango wake. Hataulizwa kama babu zake walifunga mkataba na babu zetu mwaka 1815. Sisi tunampima mgeni kwa anachofanya. Utaratibu wa E-1 unampima kwanza kwa uraia wake, na baada ya hapo ndipo unapomuuliza anafanya nini. Huko si kulinda nchi. Ni kugawanya wafanyabiashara wa dunia katika waliotambuliwa na wasiotambuliwa, kisha kuita mgawanyo huo biashara huria.

Na pasitokee mjanja wa kuwadanganya wananchi kwamba dawa ni kununua uraia wa nchi nyingine iliyo na mkataba. Sheria ya Marekani iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 2022 inamtaka mtu aliyepata uraia kwa njia ya kulipia uwekezaji awe ameishi katika nchi hiyo mfululizo kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuomba viza hizi. Zaidi ya hayo, hata pasingekuwapo sheria hiyo, ni fedheha gani kwa taifa, mtu wake kulazimika kuuvua uraia kama kiatu ili akubaliwe kuuza mali iliyotoka katika udongo wa nchi aliyoivua!

Njia iliyo sawa inajulikana. Katika miaka ya karibuni nchi nyingine zimeingia kwa sheria maalumu za Bunge la Marekani: New Zealand kwa sheria ya mwaka 2018, na Ureno kwa sheria ya mwaka 2022. Hazikuingia kwa huruma. Wajumbe wao walilitaja jambo hili kwa jina lake, wakalirudia, wakawatafuta wabunge wa kulibeba, na wao wakaahidi kuwatendea Wamarekani vivyo hivyo. Sisi tuna cha kuahidi. Tuna madini, bandari, mbuga na soko la watu wengi ambalo kampuni za Marekani zinalitaka. Kila wanapoketi nasi wakitaka ulinzi wa mitaji yao, hapo hapo ndipo pa kuuliza: na mtu wetu je?

Basi mtumishi wa wizara anayeandaa rasimu ya mazungumzo aandike ukurasa wa watu kando ya ukurasa wa bidhaa, wala asikubali uondolewe ili mkutano umalizike mapema. Afisa ushirika awaeleze wakulima kwamba kuuza mnadani na kwenda nyumbani ni kuuza pamoja na haki ya kuitwa mfanyabiashara. Mwalimu wa biashara asiishie kwenye urari wa mauzo ya nje na manunuzi. Awafundishe vijana kwamba benki, bima, uhasibu, uchukuzi na ujuzi ni mali zinazouzwa ng'ambo, na kwamba wenzao wa nchi nyingine wanaziuza huku wakiwa na ofisi, funguo na haki ya kukaa.

Taifa linalopeleka mali bila kupeleka watu wake litaendelea kuhesabiwa kuwa shamba. Shamba halina viza, kwa kuwa halisafiri. Husubiri mwenye gari aje kuchukua, na aje na bei yake.